Tunywe Maji Moto

Taa ya juu ya mlango iligeuka njano Tong Huizhen akiwa amepiga magoti ukumbini, akigawa mboga za jengo zima kwenye mifuko. Mkono wake ukabaki hewani, umeshika figili. Tangu ofisi ya mtaa imtundikie taa ile ilikuwa haijapata kuacha ukijani wake, na watu wa Jengo la Saba walikuwa wakiwaonyesha wageni wao taa hiyo kwa fahari, kama wengine wanavyoonyesha picha ya mtoto aliyefaulu.

Kila mkuu wa kundi la ujumbe wa simu, Huizhen akiwa mmoja wao, alikuwa na taa yake. Jengo lisingeweza kuwa na kundi la simu bila mkuu, na mkuu ndiye aliyejibu kwa kila kilichoandikwa humo, kiwe cha mzee, kiwe cha mlevi. Taa ikiwa kijani, ilisemekana, vigari vya mboga vinavyojiendesha hufika mapema, kabichi zikiwa bado na umande. Ikiwa njano, ilisemekana, hufika jioni na kabichi zimenyauka. Nyekundu haikuwa ya kusemekana tu; ilikuwa imeonekana kwa macho. Kundi la Jengo la Nne liliwahi kuwa nyekundu asubuhi moja, na hadi saa sita mchana lilikuwa halipo tena, na mkuu wake akawa mtu wa kupita pembeni mwa ukuta bila kumsalimu mtu. Mtambo uliowasha taa hizo uliitwa Utulivu. Haukuwahi kumwambia mtu ni neno gani limeukera. Uliwasha taa tu, ukakuacha ukisie, na watu wa mji ule walikuwa mabingwa wa kukisia.

Huizhen alifuta mikono kwenye aproni akafungua simu. Ujumbe wa mwisho kundini ulikuwa wa Fan Suyun wa ghorofa ya tisa, mwanamke mwenye sauti ya juu na roho nyeupe, aliyekuwa akimlea mjukuu wake mchanga, Doudou, wazazi wa mtoto wakiwa kazini.

"Jamani, maji ya bomba yananuka mbolea tangu jana, na rangi yake kama chai nyepesi. Nani mwingine ameona? Tusiwape watoto mpaka tujue."

Huizhen alikuwa ameona. Asubuhi ile ile alikuwa ameinusa harufu hiyo kwenye birika lake mwenyewe, akaufungua mdomo amwite mumewe, kisha akaufunga. Maji ni ya kampuni ya mji. Kampuni ya mji ni ya mji. Na wiki ijayo kulikuwa na mkutano mkubwa wa viongozi, na kila mtu mwenye akili timamu alijua kwamba kabla ya mkutano mkubwa hakuna kitu mjini kinachonuka.

Hakuna aliyempigia simu. Hakuna aliyemwamuru. Hilo alikuja kulikumbuka sana baadaye, akitafuta ndani ya kichwa chake sauti ya mtu mwingine na kuikosa. Alibonyeza ujumbe wa Suyun, akabonyeza "futa", na kabla watu hawajauliza umekwenda wapi akaandika wa kwake, kwa ile lugha ya tabasamu wanayoijua wakuu wa makundi peke yao: "Majirani wapendwa, hali ya hewa inabadilika! Tuchemshe maji vizuri, tunywe maji moto, tulinde afya zetu. Figili za leo ni tamu sana."

Katika nchi ile maji moto ni dawa ya kila kitu: mafua, tumbo, miguu inayouma, hata msichana aliyeachwa na mchumba huambiwa anywe maji moto. Nani angebishana na maji moto? Watu wakatuma vidole gumba. Taa ikarudi kijani. Huizhen akashusha pumzi, akaitia figili kwenye mfuko wa jirani mmoja.

Suyun alishuka kuchukua mboga zake, Doudou kifuani kwenye mbeleko, amelala mdomo wazi.

"Mdogo wangu," alisema, maana hakupata kumwita Huizhen kwa jina jingine tangu wahamie jengo lile, "ule ujumbe wangu wa maji uliuona?"

"Ujumbe upi, dada?"

Suyun akatazama dari, akaielekeza kwa kidevu. Mjini pale dari ilitosha kumaanisha Utulivu na wote waliokaa nyuma yake. "Basi wameula. Yaani hata maji!"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nafasi pana kabisa, ukumbi mtupu, mtoto amelala, hakuna anayesikia. Huizhen aliiona nafasi hiyo na akaiacha ipite.

"Labda," alisema.

"Haya. Nitayachemsha sana, kama ulivyosema. Nitayaacha yatokote mpaka harufu iishe."

"Ndiyo, dada. Yachemshe sana." Kisha akamwongezea figili moja kwenye mfuko wake, kubwa, ya bure.

*

Machenza yalikuja kwa kigari cha peke yake, kreti nzima, yamefungwa utepe. Juu yake palikuwa na kadi: "Pongezi kwa Mkuu wa Kundi Tong Huizhen. Umekuwa wa kwanza katika wilaya kutuliza mada hii. Mchango wako umepokewa."

"Mada gani?" aliuliza mumewe, Ke Weimin. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na tayari alikuwa ameshamenya chenza la kwanza.

"Hawakusema."

"Na mchango gani?"

"Weimin, wewe kula."

Alifurahi, kwa nini tufiche. Tangu aache kazi ya kiwanda cha nguo hakuna aliyemtuza kwa kitu chochote, na mbele yake palikuwa na kreti ya machenza na jina lake limeandikwa bila kukosewa. Akajaza beseni, akapanda lifti, akagonga mlango baada ya mlango akigawa, na kila mlango ulimwambia, hongera, Dada Tong, wewe ndiye nguzo ya jengo hili. Alikataa sifa kwa mdomo na kuzipokea kwa moyo, mpaka alipofika ghorofa ya tisa.

Mlango wa Suyun haukufunguliwa. Ulifunguliwa wa jirani yake.

"Hawapo. Walimkimbiza mtoto hospitali jana. Alikuwa wa buluu, dada. Midomo, kucha, kote. Mimi sijapata kuona mtoto wa rangi ile."

Huizhen alisimama na beseni lake. "Amekula nini?"

"Mtoto wa umri ule ale nini? Maziwa ya kopo tu. Na Suyun unamjua alivyo mwangalifu, maji ya kuyakorogea anayachemsha mpaka yanabaki nusu sufuria."

Jirani alichukua machenza, akachagua makubwa. Huizhen alirudi chini kwa ngazi, ghorofa zote tisa, kwa sababu ndani ya lifti kulikuwa na kioo.

*

Suyun alirudi amekonda uso, akamkuta Huizhen ukumbini. Doudou alikuwa hai. Madaktari walimchoma sindano, rangi ikamrudia taratibu kuanzia midomo, na sasa alikuwa hospitalini na mama yake, akinyonya chupa yake na kulia kama mtoto yeyote. Huizhen aliposikia hivyo aliketi juu ya gunia la viazi, machozi yakimtoka. Suyun naye akaketi, akamshika mkono.

"Usilie, mdogo wangu. Amepona. Sikiliza, daktari ameniambia jambo." Akashusha sauti yake ya juu mpaka ikawa ya kawaida. "Ni mbolea. Imevuja mahali ikaingia kwenye maji. Mtu mzima hata haharishi, lakini kwa mtoto mchanga inaikamata damu, damu inashindwa kubeba hewa. Na kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki ile ile, kwa hiyo kila ninavyochemsha ndivyo inavyozidi ukali. Mimi, kwa mkono wangu huu!"

"Hukujua, dada."

"Sikujua. Na wengine hawajui hadi sasa. Kuna watoto wengine wawili wameletwa pale, na mmoja..." Akaubana mkono wa Huizhen. "Daktari anaandikia hospitali nyingine, anaandikia wilaya. Anasema ujumbe unaondoka mzima lakini unafika umekuwa salamu. Mimi pia nimejaribu. Tazama."

Alitoa simu mbili, yake na ya mkwe wake, akaziweka juu ya gunia zikitazama juu. Kwenye ya kwanza alikuwa ameandika: "Msimpe mtoto maji ya bomba hata yakichemshwa, yana mbolea, mjukuu wangu nusura afe." Kwenye ya pili, chini ya jina lake yeye Suyun na picha yake ya maua, ujumbe huo huo ulikuwa umefika hivi:

"Tuchemshe maji vizuri, tunywe maji moto, tulinde afya zetu."

Huizhen aliyasoma mara ya kwanza kama mtu asomavyo maneno ya mtu mwingine. Mara ya pili akaitambua ile sentensi jinsi unavyoitambua kanzu yako ikiwa imevaliwa na mgeni. Damu yote ilimpanda usoni, masikio yakamwaka, na aliona haya ambayo hakujua kwamba mwili wake una nafasi ya kuiweka.

"Unaona ubaya wao?" Suyun alisema. "Wanamfanya mtu amwambie mwenzake afanye jambo lile lile linaloua. Na kwa jina langu! Mjini kote, mdogo wangu, watu wanaandikiana kuhusu maji na wanaishia kusoma upuuzi huu." Akamtazama Huizhen, akaona machozi, akayaelewa vibaya. "Na wewe ulituambia tuchemshe kwa nia njema. Usijilaumu. Sio wewe, ni wao."

Ni wao. Huizhen alitikisa kichwa juu na chini, polepole, kama anayekubali. Akamwahidi Suyun maji ya chupa kutoka duka la mbali, katoni kwa katoni, bure, mpaka Doudou akue. Suyun akamkumbatia, na katika kumkumbatia akamwita tena mdogo wangu.

*

Sauti ya huduma kwa wateja ilikuwa ya msichana, laini, ya mtu aliyefundishwa kutabasamu hata pasipo kuonekana. Huizhen alijifungia jikoni na kuzungumza naye akiwa ameligeuzia birika mgongo.

"Nataka kujua kama neno 'maji' limekatazwa."

"Sisi hatukatazi neno lolote, mama."

"Lakini mna orodha."

"Orodha ipi, mama?"

"Ile orodha! Ya maneno mabaya. Kila mtu anajua mna orodha."

Msichana akacheka kidogo, kwa adabu. "Watu wengi hutuuliza. Hapana, mama. Orodha ingepitwa na wakati kila siku. Utulivu unajifunza kutoka kwa wakuu wa makundi, kwa sababu ninyi ndio mnaowajua majirani zenu. Mkuu akifuta jambo, mtambo unazingatia. Wakuu wengine wakifuta jambo hilo hilo, unaelewa kwamba wananchi hawalitaki, unawasaidia kulituliza. Na maneno ya badala tunayachukua kwa yule aliyetangulia. Ndiyo maana wa kwanza tunampa zawadi. Machenza yalifika salama?"

"Taa ilikuwa njano," Huizhen alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Kabla sijafuta, ilikuwa njano. Mlikuwa mmeshakasirika."

"Njano ni kuonyesha tu kwamba watu wengi wanasoma kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tunamwomba mkuu atupie jicho. Anachoamua ni chake."

"Na vigari? Kuchelewa kwa mboga?"

"Vigari vinategemea foleni za barabarani, mama."

"Na nyekundu?"

"Kuhusu nyekundu siruhusiwi kuzungumza," msichana alisema kwa utamu ule ule, na hapo Huizhen akakumbuka kwamba woga wake haukuwa wa kijinga wote. Lakini haukumfariji. Nyekundu ilikuwa ya Jengo la Nne. Huku kwake kulikuwa na njano tu, na yeye.

"Nikitaka lifunguke tena?"

"Mada hufunguka palipofungwa kwanza. Ujumbe wa kwanza uliofutwa bado uko kwenye kapu lako la vilivyofutwa, mama. Ukiurudisha, wale waliokufuata wanakosa wa kumfuata, na mtambo unasahau. Ni kubonyeza tu." Akasita. "Ila kwa ajili ya uwazi, chini ya ujumbe hubaki maandishi. Kwamba ulifutwa na nani na kurudishwa na nani. Hayo hayaondoki. Wengi wakisikia hivyo huona bora waache."

*

"Waache wengine watafute njia," Weimin alisema. Alikuwa amesikiliza yote bila kumkatiza, akipanga maganda ya machenza kwa mstari juu ya meza. "Suyun ameshajua. Mjukuu wake hatakunywa tena. Jengo zima tunaweza kuliambia kwa mdomo, mlango kwa mlango, wewe na mimi, leo hii."

"Na Jengo la Nane? Na ng'ambo ya mto?"

"Ng'ambo ya mto hatumjui mtu."

"Ndiyo," Huizhen alisema. "Hatumjui mtu. Na wanakunywa maneno yangu."

Weimin akaacha kupanga maganda. "Unaogopa taa?"

Alitamani kusema ndiyo. Kuiogopa taa kungekuwa na heshima yake, kwani mtu anayeogopa serikali huonewa huruma. "Siogopi taa. Namwogopa Suyun. Alinishika mkono, Weimin, akaniambia sio mimi. Nami nikamwachia aamini. Mara ya kwanza ukumbini nilisema 'labda', na juzi nikakubali kwa kichwa. Akisoma yale maandishi atajua mara zote mbili nilikuwa nimesimama mbele yake nikijua."

Weimin alinyoosha mkono akamgusa begani, kisha akakusanya maganda yote, akayatupa, na yale machenza yaliyobaki kwenye kreti akayafunika kwa gazeti.

Huizhen alifungua kapu. Humo mlikuwa na vyote alivyowahi kufuta: utani kuhusu mwenyekiti wa mtaa, picha ya bata, mtu aliyeuliza kwa nini umeme umekatika, mwanamke aliyeandika tu "nimechoka". Alishangaa vilivyokuwa vidogo. Kwa kila kimoja alikumbuka kuwa alijiona mwerevu. Akaupata wa Suyun, akaugusa, na kidole kikakataa. Aliinuka akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Akarudi, akafikiria kumpigia Suyun kwanza, amwambie kwa mdomo wake mwenyewe kabla simu haijamwambia. Hilo lingekuwa jambo la kiungwana. Alipiga moyo konde akatafuta jina la Suyun, na papo hapo akajijua: angepiga, angesikia ile sauti ya juu ikimwita mdogo wangu, na angeuliza hali ya mtoto na kukata simu. Alijifahamu sasa. Akabonyeza "rudisha" kabla hajapata muda wa kuwa mwerevu tena.

Ujumbe ukarudi mahali pake, siku ile ile, saa ile ile, na chini yake herufi za kijivu: "Ulifutwa na Mkuu wa Kundi Tong Huizhen. Umerudishwa na Mkuu wa Kundi Tong Huizhen." Na mara chini ya herufi hizo, pasipo hata mstari mmoja katikati, ulikuwa ule wa kwake na figili zake tamu sana. Mtu asingehitaji kuelezwa.

Kwa ukuta, kwa dari, kwa sakafu, alisikia simu za majirani zikilia moja baada ya nyingine. Taa ikageuka njano. Halafu kundi likafunguka kama bomba lililokuwa limeziba: hata kwetu yananuka, mtoto wa dada yangu yuko hospitali, ng'ambo ya mto, hawajui kwa nini, mwambieni asichemshe, mpigieni sasa hivi. Ujumbe wa daktari ulifika ukiwa mzima, mrefu, umepitia makundi mengine mpaka la kwao, na hakuna neno la salamu ndani yake. Huizhen alisoma mpaka macho yakamuuma. Alitafuta aliyemtukana, akiwa karibu kuhitaji tusi. Hakuna aliyemtaja. Walipita kando ya jina lake kama watu wanavyopita kando ya matapishi barabarani.

*

Asubuhi kigari cha mboga kilikuja mapema kama kawaida, kabichi zina umande, na taa ya juu ya mlango ingali njano. Huizhen alikitazama kikisimama mlangoni kwa wakati, na hilo peke yake lilimtosha kuona haya upya. Alipiga magoti akagawa mifuko. Watu walishuka, wakachukua yao, wakasema asante wakitazama mboga.

Suyun alishuka karibu mwishoni, kifuani Doudou aliyetoka hospitali jana yake, mashavu yake yana rangi ya mtoto. Huizhen alisimama. Maneno aliyokuwa ameyaandaa tangu alfajiri yalikuwa mengi na mazuri, lakini yalipofika mdomoni aliona kwamba yalikuwa ya lugha ile ile ya tabasamu.

"Nilikuwa mimi," alisema. "Nilikuwa nimeinusa harufu, dada. Kabla yako."

Suyun aliufungua mfuko wake, akatazama ndani, akahesabu kwa macho. Huizhen, kwa mazoea, alikuwa amemwekea figili ya nyongeza. Suyun akaitoa, kubwa, ina udongo bado, akaiweka kwenye mkono wa Huizhen na kuvifunga vidole vyake juu yake, bila ukali.

"Hii si yangu," alisema. Kisha, kwa sauti ya adabu ambayo Huizhen hakuwahi kuisikia kutoka kwake, "Ahsante, Mkuu wa Kundi."

Mtoto aligeuza kichwa akamtazama Huizhen juu ya bega la bibi yake, mpaka mlango wa lifti ulipojifunga. Huizhen alibaki ukumbini ameishika figili, chini ya taa ya njano, akisubiri mtu mwingine ashuke.